Mpira Umeangukia Nje, Mwamuzi Anasema Halali: Jinsi Faulo ya Besiboli ya Watoto Inavyoamuliwa

SWALI: Habari za kazi, mwalimu. Mwanangu ana miaka 9, tunaishi Ohio, na mwaka huu ameingia Little League, ligi ya besiboli ya watoto. Mimi nimekulia kwenye soka na netiboli. Wiki iliyopita mtoto mmoja alipiga mpira ukadunda ndani, ukapita juu ya besi ya tatu, kisha ukaangukia nje kabisa ya mstari mweupe. Sote tuliona. Mwamuzi akaonyesha kuwa ni halali. Baadaye mpira mwingine uligusa chini upande wa nje karibu na mpigaji, ukarudi ndani na kusimama. Akasema halali tena, wazazi wakapiga kelele. Sasa kocha ameniomba Jumamosi nisimame kama mwamuzi msaidizi wa besi ya kwanza, kwa kuwa watu ni wachache. Nitajuaje ipi ni faulo na ipi siyo?

JIBU: Dada yangu, kwa jinsi ulivyoeleza, mwamuzi huyo alikuwa sahihi mara zote mbili. Kelele za wazazi zilitokana na jambo moja: walitazama mahali mpira ulipoangukia tu, na besiboli haihesabu hivyo kila wakati.

Kwanza liweke kando neno faulo kama unavyolijua kwenye soka. Huko faulo ni kosa. Mtu kachezewa rafu, filimbi imelia, kuna wa kulaumiwa. Kwenye besiboli faulo si kosa la mtu. Ni jina la mpira uliopigwa kwa gongo ukaishia upande usiohesabiwa. Mpira wa upande unaohesabiwa tutauita halali, na uwanja wenyewe tuugawe katika ndani na nje.

Mistari ya kugawa ni miwili. Yote inaanzia kwenye ncha ya nyuma ya besi ya nyumbani, kile kibao cheupe cha raba chenye pembe 5 anaposimama mpigaji. Mmoja unakwenda kulia ukipitia besi ya kwanza, mwingine kushoto ukipitia besi ya tatu, na kila mmoja unaendelea hadi kwenye nguzo iliyo kwenye uzio. Pale walipo hao wa miaka 9, kutoka besi hadi besi ni futi 60, yaani mita 18 na kidogo. Kilicho kati ya mistari hiyo miwili ni ndani.

Mistari yenyewe nayo ni ndani. Hili halitakusumbua, kwani kwenye soka pia mstari ni sehemu ya uwanja. Tatizo ni majina: Wamarekani huiita mistari ya faulo, na zile nguzo huziita nguzo za faulo, wakati vyote viwili ni halali. Mwaka 1975, katika mechi ya 6 ya World Series, yaani fainali ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani, Carlton Fisk wa Boston Red Sox alipiga mpira uliogonga nguzo ya kushoto ya Fenway Park katika inningi (raundi) ya 12. Ikahesabiwa homu rani, yaani pigo linalompa mpigaji haki ya kuzunguka besi zote hadi nyumbani, na mechi ikaishia hapo. Kwa hiyo mpira ukigusa chokaa hata kwa ukingo wake, ni halali. Mpira wa besiboli una upana wa sentimita 7 na kidogo. Sehemu yake kubwa inaweza kuwa inaning'inia upande wa nje, na bado ukawa halali kwa sababu ya ile sehemu ndogo iliyo juu ya mstari.

Mifuko ya besi ya kwanza na ya tatu imewekwa yote ndani ya mstari, haijakaa katikati yake. Ndiyo maana mpira ukigonga besi ya kwanza au ya tatu ni halali papo hapo, hata ukiruka kutoka pale na kuishia kwenye benchi la wachezaji. Besi ya nyumbani nayo iko yote ndani. Utasikia watu wazima kabisa wakisema mpira ukigusa besi ya nyumbani ni faulo. Si kweli. Kibao kile ni sawa na udongo unaokizunguka. Mpira ukikigusa, unaendelea kuufuatilia kama mpira mwingine wowote.

Sasa tufike kwenye kiini. Ichukulie besi ya kwanza na besi ya tatu kuwa ni malango. Mpira ulio kabla ya lango una sheria yake, na mpira uliovuka lango una nyingine. Ukilielewa hili, mengi yaliyobaki yatajipanga yenyewe.

Kabla ya lango, yaani kati ya nyumbani na besi ya kwanza au kati ya nyumbani na besi ya tatu, mpira ambao haujaguswa na mtu wala kitu hauna hukumu bado. Hauulizwi uligusa chini wapi mara ya kwanza. Unaulizwa umesimama wapi, au ulikuwa wapi ulipoguswa. Unaweza kuanza ndani, ukatoka, ukarudi, ukatoka tena. Yote hayo hayahesabiki mpaka usimame, uguswe au uvuke lango. Huo ndio mpira wako wa pili. Uligusa chini nje, ukajizungusha ukarudi ndani na kusimama kabla ya besi, bila mtu kuugusa ukiwa nje. Ni halali, na mpigaji alipaswa kukimbia tangu ulipotoka kwenye gongo. Mzunguko huo hutokea hasa pale gongo linapokwaruza mpira badala ya kuupiga katikati: mpira hupata mzunguko wa pembeni na kwenye udongo laini hukata kona kali. Kwa watoto wa umri huo utauona karibu kila mechi.

Wakati wa kuvuka lango, kwa mpira unaodunda au kutambaa, swali ni moja tu: ulikuwa wapi ulipokuwa unaipita besi? Ukiwa juu ya besi au ndani yake, ni halali, na baada ya hapo uende utakako. Huo ndio mpira wako wa kwanza. Ulidunda ndani na kupita juu ya besi ya tatu ukiwa hewani, kwa hiyo hukumu ilikamilika juu ya besi. Pale ulipoangukia baadaye, hata kama ni mita 2 nje ya mstari, hapakuwa na maana tena. Kinyume chake ni kweli pia: mpira uliodunda ndani, ukatoka kabla ya besi na kuipita kwa nje, ni faulo hata kama baadaye utapinda na kurudi ndani.

Na mpira wa juu, ule unaoruka bila kudunda na kuangukia ng'ambo ya lango? Huo unahukumiwa mahali unapogusa chini kwa mara ya kwanza. Haijalishi ulipita upande gani wa besi ukiwa angani. Unaweza kupita ndani kabisa, upepo ukausukuma ukaangukia nje: faulo. Unaweza kugusa nyasi za ndani kwa sentimita 10 kisha ukadunda nje hadi kwenye uzio: halali, na watoto wakimbie. Hapa ndipo macho ya soka yanapokwaza, kwa sababu kwenye soka mpira ukivuka mstari ukiwa hewani umeshatoka. Hapa mpira wa juu hausemwi lolote mpaka ufike chini, uguswe, au utoke juu ya uzio. Ule unaotoka juu ya uzio huamuliwa pale unapotoka: ukiwa upande wa ndani wa nguzo au umeigonga nguzo, ni homu rani.

Kuguswa ndiko kunakozua ugomvi mwingi. Mpira ambao bado hauna hukumu, mchezaji akiugusa, hukumu inafungwa pale pale kwa mahali mpira ulipo. Sema tena nami: mahali mpira ulipo. Si miguu ya mchezaji. Mchezaji wa besi ya tatu anaweza kuwa amesimama nje kwa miguu yote miwili, akanyoosha glavu juu ya mstari na kuugusa mpira ukamponyoka ukaangukia nje. Ni halali, mchezo unaendelea. Akiwa amesimama ndani lakini glavu yake imeugusa mpira nje, na hakuudaka, ni faulo. Wazazi hutazama viatu, kwa sababu viatu vinaonekana kirahisi. Wewe tazama glavu na mpira.

Kutokana na sheria hiyo kuna ufundi ambao makocha wazuri huwafundisha watoto mapema. Mpira unatambaa taratibu upande wa nje, unakaribia kurudi ndani, na mkimbiaji amekwisha kufika: uwahi, uguse ukiwa bado nje, ufe, yaani mchezo usimame. Unatambaa ndani lakini unaelekea kutoka, na huna tena nafasi ya kumtoa mkimbiaji: uache, usiuguse, utoke wenyewe. Ila kusaidiwa kwa ujanja hakuruhusiwi. Tarehe 27 Mei 1981 mjini Seattle, Lenny Randle wa Mariners alipiga magoti na kuupuliza mpira wa Amos Otis wa Kansas City Royals, na kweli ukatoka nje ya mstari. Kocha wa Royals akalalamika, na mwamuzi Larry McCoy akampa Otis besi yake. Watoto wanaipenda sana picha ile ya video. Waonyeshe, kisha wakumbushe ilivyoishia.

Vitu navyo hufunga hukumu. Mpira ukiwa nje, kabla ya lango, ukagonga kitu kisicho sehemu ya ardhi, kwa mfano kofia ya mdakaji (yule anayekaa nyuma ya mpigaji) iliyoachwa chini, gongo la mchezaji anayesubiri zamu, au uzio, ni faulo papo hapo hata ukirudi ndani. Kigae cha raba anachosimamia mrushaji kina mshangao wake: mpira ukikigonga, ukarudi nyuma na kutoka nje kabla ya besi ya kwanza au ya tatu bila kuguswa na mtu, ni faulo. Ulikuwa ndani kabisa, umegonga katikati ya uwanja, na bado ni faulo! Lakini ukirejea kwenye sheria ya lango utaona haijavunjwa. Mpira haukuvuka lango wala haukuguswa na mchezaji. Umesimama nje, basi.

Mpira ukimrudia mpigaji mwenyewe akiwa bado kwenye kisanduku chake, ule mstatili uliochorwa anamosimama, ukagusa mguu wake au gongo aliloshika, ni faulo. Watoto wadogo hujipiga vidole vya miguu na kuanza kukimbia huku wakilia. Kisanduku hicho kina mtego mwingine ambao hata waamuzi wazoefu huusahau. Mistari ya chokaa haichorwi ndani yake, huanzia kwenye ukingo wake wa mbele. Kwa hiyo inaonekana kana kwamba kisanduku kizima kiko nje. Hapana. Ukiuendeleza mstari kwa macho hadi kwenye ncha ya nyuma ya besi ya nyumbani, utaona unakikata kisanduku, na kona yake ya mbele iliyo karibu na besi iko ndani. Mpira wa banti, ule wa kuukinga kwa gongo bila kulizungusha, mara nyingi husimama hapo hapo.

Faulo inafanya nini? Mpira unakufa, wakimbiaji wanarudi kwenye besi walizokuwa nazo, mpigaji anahesabiwa straiki, yaani amepoteza nafasi moja; ya 3 humfanya auti, yaani hutolewa. Akiwa na straiki 2 tayari, faulo ya kawaida haimuongezei ya tatu. Anaweza kupiga faulo 10 mfululizo na bado yuko kwenye zamu yake. Ila akiwa na straiki 2 na faulo hiyo ni ya banti, yuko auti. Sababu ni nyepesi: kukinga mpira nje kwa banti ni rahisi mno, na bila sheria hiyo mpigaji mjanja angeweza kumchosha mrushaji mchana kutwa.

Mambo mawili hufanana na faulo lakini mpira haufi. La kwanza ni mpira wa juu unaodakwa upande wa nje kabla haujagusa chini. Mpigaji auti, na mpira ni hai. Mkimbiaji aliyekanyaga besi yake mpaka mpira ukadakwa anaruhusiwa kwenda mbele. Hapa watoto wanapoteza pointi bure, kwa sababu wakiona mpira unaelekea nje hulegea wakidhani kila kitu kimesimama. La pili ni mpira unaokwaruza gongo na kwenda moja kwa moja kwa kasi hadi kwa mdakaji, naye akaushika. Hiyo ni straiki tu, kama vile mpigaji amekosa kabisa. Mchezo unaendelea, na ikiwa ni straiki ya tatu yuko auti. Akiuangusha, inakuwa faulo ya kawaida.

Mkumbushe pia mwanao, akiwa mkimbiaji kwenye besi ya tatu, aelekee nyumbani akitembea upande wa nje wa mstari. Kwenye viwanja vya futi 60 vya Little League haruhusiwi kuiacha besi mpaka mpira uliorushwa umfikie mpigaji, lakini akishaiacha, akae nje. Mpira uliopigwa ukimgusa akiwa nje ni faulo, hakuna hasara. Ukimgusa akiwa ndani, kabla ya kupita mchezaji wa ndani (mmoja wa wale wanaolinda eneo la besi) au kuguswa naye, mkimbiaji ni auti. Akirudi kwenye besi ndipo arudi kwa upande wa ndani, ili amzibe mdakaji njia ya kurusha.

Sasa Jumamosi yako. Kama besi zote ziko tupu, simama mita 3 au 4 nyuma ya mchezaji wa besi ya kwanza, miguu yote miwili nje ya mstari. Usisimame juu ya mstari, kwani mpira usio na hukumu ukikugusa wewe unahukumiwa kama umegusa mchezaji. Mgawanyo wa kazi ni huu: mwamuzi wa nyumbani anaamua kila mpira unaoishia kabla ya besi ya kwanza, na mstari wote wa besi ya tatu. Wewe unaamua kuanzia ukingo wa mbele wa besi ya kwanza kwenda hadi uzio, pamoja na mpira unaoigonga besi yenyewe. Akiwepo mkimbiaji kwenye besi utahamia upande wa besi ya pili, na hapo mistari yote miwili inakuwa ya mwamuzi wa nyumbani. Zungumzeni hili kabla ya mechi, dakika 2 zinatosha. Waamuzi wawili wakitoa ishara mbili tofauti kwa mpira mmoja, hakuna maelezo yatakayowatuliza watu.

Mpira wa kudunda ukija kwako kwa kasi, usiufuate kwa macho tangu mwanzo hadi mwisho, kasi itakupita. Ukazie macho mfuko wa besi na uufikirie kuwa nguzo inayopanda juu. Unachosubiri ni kuona mpira ukipita ndani ya nguzo hiyo, kushoto kwake au kulia kwake. Mpira wa juu unaokwenda mbali, geuka uangalie kando ya mstari, kimbia hatua chache ukitaka, lakini uwe umesimama mpira unapofika chini. Macho ya mtu anayekimbia hucheza, na chokaa haionekani vizuri.

Ishara: ikiwa ni faulo, inua mikono yote miwili juu na upaze sauti, "Foul!" Ikiwa ni halali, nyoosha mkono kuelekea ndani ya uwanja bila kusema neno. Ukimya huo una sababu. Maneno hayo mawili kwa Kiingereza, foul (faulo) na fair (halali), huanza kwa sauti moja, na katikati ya makelele mtoto atasikia mwanzo tu na kusimama. Mpira wa juu karibu na mstari ukiguswa na kuanguka, onyesha kwanza ndani au nje, kisha ndipo uonyeshe kuwa haukudakwa.

Kosa kubwa la mwamuzi mgeni ni haraka. Ukitamka faulo, kila mtoto anaacha kucheza, na mpira uliokufa haufufuki kwa haki. Hata ukigundua umekosea huwezi kujua mkimbiaji angefika wapi. Ukichelewa sekunde 2, hujamuumiza mtu. Mpira wa kutambaa kando ya mstari, funga mdomo, inama, ungoje usimame au uguswe.

Angalia pia kama uwanja wenu una besi ya kwanza pacha, nusu nyeupe na nusu ya rangi ya machungwa au kijani. Nusu nyeupe ndiyo besi halisi, iko ndani. Nusu ya rangi iko nje. Imewekwa ili mkimbiaji na mchezaji wa besi wasigongane. Mpira ukigonga nyeupe ni halali. Ukigonga ya rangi bila kwanza kugusa nyeupe au kudunda juu yake, ni faulo. Na kama kuna kundi la wadogo zaidi wanaopiga mpira uliowekwa juu ya kijiti, muulize kocha kuhusu sheria ya ligi yenu: ligi nyingi huchora tao mbele ya besi ya nyumbani, na mpira usiolivuka huhesabiwa faulo. Hiyo ni kanuni ya mahali husika, usiipeleke kwa wakubwa.

Kabla ya siku hiyo fanyeni zoezi dogo nyumbani, wewe na mwanao. Nyoosha kamba mita 18, weka kitambaa kilichokunjwa kama besi kwa ndani ya kamba, naye avingirishe mipira 20 akiipinda atakavyo. Kila mmoja usubiri mpaka usimame au uipite besi, kisha toa ishara kwa mkono. Mwambie pia adundishe mipira mingine juu ya kitambaa iangukie nje. Ukiinyooshea mkono ndani mipira hiyo bila kusita, uko tayari kusimama.